Wakigawanyika, Nimfuate Nani? Kisa cha Kuzamia Mlango wa Kinasi

Saa nane na nusu mchana, mwishoni mwa Februari, boti yetu ya wazamiaji ilikuwa imetia nanga kwenye fungu la mchanga kando ya mlango wa Kinasi, kisiwani Mafia. Nahodha, mzee wa Jibondo aliyeanza kuupita mlango ule kwa tanga kabla mimi sijazaliwa, alikuwa ameniuliza swali moja tu tangu tuondoke Utende: "Mdogo wangu, hawa wakigawanyika huko chini, nimfuate nani?"

Nilikuwa nimeinama nafunga pezi la kushoto. Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Hawagawanyiki, Nahodha."

Dakika arobaini baadaye walikuwa wamegawanyika. Hakuna aliyeumia, na mmoja wa wageni ukimuuliza leo atakwambia hajawahi kuzamia vizuri kama siku ile. Ndiyo maana nimeona nikiandike. Kisa kikiisha kwa msiba, kila mtu hukichambua. Hiki kiliisha kwa vicheko na madafu, na kama si yule mzee kuninunia njia nzima ya kurudi, ningekisahau wiki ileile.

Kwa asiyepajua mahali: ghuba ya Chole imekingwa na kisiwa kikuu cha Mafia, visiwa vya Chole na Juani, na miamba ya matumbawe. Sehemu kubwa ya ghuba haina kina. Maji yakipwa, mafungu yanatokeza na watu wanatembea kutafuta pweza mahali ambapo jioni jahazi litapita. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mpya, bahari hupanda kwa zaidi ya mita 3, na maji yote hayo yanatakiwa yaingie kwa muda wa saa sita na ushee, kisha yatoke kwa muda huohuo. Kinasi ndio mlango wake mkuu. Chini pana mita 25 hivi, na kwa kuwa mkondo ndio unaoleta chakula, samaki wamejipanga hapo kama abiria kituoni: changu kwa makundi, kolekole wanaokata maji kwa kasi, na chewa wakubwa waliojibanza nyuma ya mawe, midomo wazi, wanasubiri kuletewa. Eneo lote liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Mtu hazamii pale kwa kupiga mapezi. Anaingia juu ya mkondo, mkondo unambeba kama mzigo, boti inamfuata na kumwokota upande wa pili. Kazi yote ya kupanga ni kujibu maswali mawili: aingie saa ngapi, na atatokea wapi. Hivyo ndivyo nilivyoamini hadi siku ile. Swali la tatu alikuwa nalo mzee.

Saa ndiyo iliyotuletea ubishi kwanza. Ubaoni ofisini mtu alikuwa ameshaandika "Kinasi, saa 3 asubuhi". Wageni walikuwa watatu: mke na mume kutoka Dar es Salaam, na mzee mmoja wa Mombasa, mhandisi mstaafu. Walikuwa na ndege kesho yake saa tano asubuhi, na mtu aliyezamia siku kadhaa mfululizo anashauriwa akae saa 18 kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo ofisi iliona heri wazamie mapema, wapumzike, mchana wapige picha Chole. Hesabu nzuri, ila aliyeipiga hakuutazama mwezi.

Ilikuwa siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, yaani bamvua. Kwenye pwani yetu bamvua lina tabia moja ambayo kila mvuvi anaijua bila jedwali: maji hujaa alfajiri na jioni, hupwa katikati ya asubuhi. Jedwali la siku ile lilisema kupwa ni saa nne na dakika 35 asubuhi, mita 0.3, na kujaa ni saa kumi na dakika 45 jioni, mita 3.7. Saa tatu asubuhi, basi, ghuba nzima ingekuwa bado inajimwaga nje kupitia Kinasi. Kama yangekuwa maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, wiki moja kabla au baada, ubao ungekuwa sahihi kabisa, maana siku hizo maji hujaa saa nne au tano asubuhi na mkondo wenyewe ni mpole.

Kwa nini sizamii Kinasi maji yakitoka? La kwanza ni wazi: ukikosea, unatolewa bahari kuu, na huko kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani hata kwa nahodha mwenye macho ya mwewe. La pili, maji yanayotoka ni ya ghubani, yamepita kwenye mchanga na mikoko. Yana ukungu kama chai ya maziwa, ilhali yanayoingia ni ya bahari kuu, meupe, unaona mita ishirini. La tatu wageni hawalifikirii kamwe. Upepo wa huku, uwe kaskazi au kusi, unatoka upande wa bahari. Maji yakitoka yanakutana nao uso kwa uso, na mlangoni mawimbi yanasimama mafupi mafupi yenye ncha, boti haitulii, na kumpandisha mtu mwenye mtungi mgongoni inakuwa vita. Maji yakiingia, upepo na mkondo vinakwenda njia moja, na bahari inalala.

Yule mume wa Dar, mtu makini, akanishika hapo: "Sasa si tuingie saa nne na nusu, maji yakiwa yamesimama, halafu tupande nayo yanapoanza kuingia?" Swali zuri. Kuna wenzangu wanafanya hivyo. Lakini wakati ule mlango bado umejaa maji machafu yaliyotoka ghubani, na, kubwa zaidi, mkondo unazidi kila dakika. Ukichelewa robo saa kwa sababu mtu kasahau miwani, umeingia kwenye maji makali kuliko uliyopanga. Mimi napenda kuingia mkondo ukiwa unashuka, ili ucheleweshaji wote uwe upande wangu.

Hapo inakuja hesabu ya sehemu kumi na mbili, ambayo manahodha wa bahari nyingi wanaitumia. Gawa kimo chote cha maji kwa 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwetu siku ile kimo kilikuwa mita 3.4, kwa hiyo sehemu moja ni sentimita 28. Kati ya saa sita na dakika 35 na saa nane na dakika 35 mchana ghuba ingepanda sentimita 85 kila saa. Hicho ndicho kiini cha mkondo, muda wa kukaa bandani na kula wali. Saa ya tano inashuka hadi sentimita 57, ya sita 28. Nikachagua kuanzia saa tisa kasorobo, na nikaweka ukomo: ikipita saa tisa na nusu hatuingii, maana mzamo ni dakika 40 na sitaki mtu yeyote awe mlangoni maji yanapogeuka.

Jedwali lenyewe, hata hivyo, ni la Dar es Salaam. Kinasi ni Kinasi. Ndiyo maana tulifika mapema tukatia nanga, na hapa Nahodha akafanya kazi ambayo hakuna kompyuta ya mkononi inayoifanya. Alichukua kumbi la nazi, akalidondosha majini kwenye omo, mbele ya boti, na kuhesabu mpaka lilipofika tezi, nyuma yake. Boti yetu ina mita 9. Mara ya kwanza alihesabu saba. Hiyo ni zaidi ya mita moja kwa sekunde, mkondo ambao mtu hawezi kushindana nao hata kwa dakika moja. Akawasha sigara. Baada ya dakika ishirini akatupa la pili: tisa. Tulikuwa tumekubaliana kwamba chini ya kumi hatuingii. Mzee wa Mombasa akawa anacheka, anasema alisomea uhandisi miaka minne na hakuwahi kufundishwa chombo hicho. Saa tisa na dakika tatu, kumbi la tatu: kumi na moja. Mita 49 kwa dakika, na inapungua. "Haya," akasema Nahodha, akaanza kuvuta nanga.

Hewa sikuwa na wasiwasi nayo. Mtungi wa lita 12 wenye shinikizo la baa 200 una lita 2,400 za hewa. Kwenye mita 25 shinikizo ni mara tatu na nusu ya lile la juu, hivyo mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji anavuta 70 huko chini. Ukiweka akiba ya baa 50, unabaki na dakika 25 na kidogo kama ungekaa chini muda wote. Jedwali la kawaida la wazamiaji wa starehe nalo linaruhusu dakika 29 kwa kina hicho. Tulipanga 15 tu chini, kisha kupanda taratibu na mteremko wa matumbawe mpaka mita 12, pale mlango unapopanuka na mkondo kuchoka, na kusimama dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Kila aliye majini alikuwa na filimbi. Maboya ya kupuliza, yale marefu ya rangi ya chungwa, yalikuwa mawili: moja langu, moja la kijana wangu wa mafunzo aliyefunga mkia. Oksijeni ilikuwa kwenye boti.

Maelekezo niliyatoa vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu ndipo kosa lilipojificha. Niliwaambia: tunaingia pamoja kwa hesabu ya tatu, majaketi ya kuelea hayana hewa, tunazama hapohapo bila kukusanyika juu. Katika mkondo wa mita 49, mtu akichelewa dakika moja kuzama tayari yuko mbali kuliko unavyoweza kuona. Tukipotezana, dakika moja ya kutafuta, halafu kila mtu juu. Kisha nikamvuta kijana pembeni, nikamwambia kwa mkazo, kidole kifuani: "Wewe kazi yako moja. Mgeni wa mwisho usimwache. Hata itokee nini, usimwache."

"Sawa, kaka," akasema.

Saa tisa na dakika tano tukaruka. Mke na mume walizama kama mawe. Nilipogeuka kwenye mita 18 nyuma yangu palikuwa bluu tupu.

Kilichotokea juu nilikuja kukijua baadaye. Sikio la mzee wa Mombasa lilikataa kwenye mita 4. Alifanya alivyofundishwa: akapanda kidogo, akabana pua, akasubiri. Kijana akabaki naye, kama alivyoambiwa. Sikio likafunguka baada ya dakika mbili, wakaangaliana, wakapeana ishara ya kila kitu sawa, wakashuka. Walishuka, lakini si mahali petu. Maji ya juu yanakwenda kasi kuliko yale yanayosugua mwamba chini, kwa hiyo kwa dakika mbili zile walikuwa wametupita juu ya vichwa vyetu na kuingia ndani ya mlango kabla yetu. Mimi natazama nyuma, wao wako mbele.

Sisi watatu tulijibanza nyuma ya jiwe kubwa. Ukiwa nyuma ya jiwe katika mkondo kama ule kuna kimya cha ajabu. Pembeni yako maji yanapita na vipande vya nyasi kama barabara kuu, na wewe umekaa kibarazani. Chewa mwenye makazi hakufurahi kuona wapangaji. Nikahesabu sekunde sitini kwenye saa, nikanyoosha dole gumba juu, na saa tisa na dakika kumi tulikuwa juu ya maji na boya langu limesimama.

Nahodha akaja. Alikuwa ameona nusu yetu tu. Watu wawili walielea karibu na uso wa maji, kisha saa tisa na dakika saba wakatoweka. Mapovu yao yakafutwa na viwimbi vya mlangoni. Na sasa boya limetokea kwingine lenye watu watatu. Boti moja, makundi mawili. Hakuniuliza kitu wala hakunitukana. Alitupandisha, akapunguza moto wa injini, akaanza kushuka na maji polepole kuelekea ndani, huku na kule, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Yule mama alisimama tezi ametia mikono kichwani. Mume alikuwa anatazama saa. Mimi nilikuwa napiga hesabu ileile ya hewa niliyojivunia nusu saa kabla, safari hii kwa kujiuliza itawaishia lini.

Saa tisa na dakika 33 boya la pili likachomoza, ndani kabisa ya ghuba, kama mita 900 kutoka tulipoingilia, kwenye maji yaliyotulia. Mzee wa Mombasa akavua kinywa cha hewa, akacheka mpaka akakohoa. Walikuwa wameona kasa wawili, mkunga mnene kama paja, na kundi la kolekole lililowazunguka kwa dakika nzima. Alipotuona wote watatu tumeshavua majaketi akashangaa: "Mbona nyinyi mwatoka mapema hivi?"

Sasa, kosa ni la nani? Ofisini jibu la haraka lilikuwa: kijana. Alisikia kanuni ya dakika moja na hakuifuata. Mimi nalikataa jibu hilo. Nilimpa amri mbili, na siku ile ziligombana. Ya kwanza, iliyosemwa kwa wote, ilikuwa ya mtu aliyepotezana na wenzake chini. Yeye hakuwa chini. Yeye kwa macho yake hakupotea, alichelewa, na alikuwa na mgeni wake kama alivyoagizwa kwa kidole kifuani. Kati ya amri mbili mtu hufuata iliyosemwa kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna mahali nilipomwambia: sikio likikataa, nyote wawili mnarudi botini na kwenu mzamo umekwisha. Sikusema kwa sababu sikuliwaza. Nilipanga mkondo hadi sentimita, nikasahau sekunde tisini za kwanza juu ya maji, na mambo mengi ya mkondo huharibika hapohapo: sikio, miwani iliyojaa maji, mkanda wa vizito vya risasi uliolegea.

Kilichotuokoa ni ule ubishi wa asubuhi. Makundi yote mawili yalikuwa yanabebwa upande mmoja, kuelekea nyumbani, kwenye maji yanayozidi kutulia. Nahodha hakuhitaji kubahatisha. Alijua kila aliyeingia lazima atatokea kati ya mlango na Chole. Chukua kosa lilelile, watu walewale, liweke saa tatu asubuhi kama ubao ulivyotaka. Dakika 26 ambazo boti haikujua watu wawili wako wapi zingekuwa dakika 26 za kuelekea bahari kuu, kwenye mawimbi yenye ncha, na boti imeshughulika kuwapandisha watatu wengine. Siku zote nimekuwa nikisema tunachagua maji ya kuingia kwa ajili ya uzuri wa kuona. Sisemi hivyo tena.

Mabadiliko tuliyofanya hayakugharimu ila petroli. Tunawashusha watu mita 150 nje zaidi kuliko zamani, na wote wanakutana kwenye mita 5, wanatazamana, masikio, miwani, ishara, ndipo kushuka. Mkondo unatula mita hamsini hivi kwa kila dakika tunayokaa hapo, tumeshazilipa kabla. Asiyeshuka na wenzake hashuki tena, na aliye naye anatoka naye. Kijana ndiye anayeyasema maneno hayo kwa wageni sasa, na huyasema kwa ukali kuliko mimi.

La nne ni dogo, na limenichukua muda mrefu kulikubali. Zamani nahodha alikuwa anaambiwa mpango ukiwa umekamilika: mahali pa kushusha, mahali pa kuokota, muda. Sasa yeye ndiye anaanza kusema, mimi nafuata.

Bamvua lililofuata, mwezi mpya wa Machi, tulirudi palepale na wageni wengine. Kumbi la kwanza, nane. La pili, kumi. La tatu alilidondosha, akaliangalia likipita ubavuni mpaka likatoka tezi, akasema kumi na mbili. Lakini hakugusa nanga. Alinitazama tu, sigara mkononi.

"Wa juu," nikamwambia. "Unamfuata aliye juu ya maji. Wa chini tuna boya, tutakuita."

Akatupa sigara kwenye kopo la maji, akaanza kuvuta kamba.